Muulize Mwalimu: Mafuta ya chipsi yanaweza kuendesha mashine?

Mwezi uliopita msomaji mmoja aliuliza amwage wapi mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Nikamjibu kwa mistari miwili: usiyamwage, kwa sababu yanageuzwa kuwa dizeli. Barua zilizofuata ni nyingi, na baadhi zimenitia wasiwasi, maana kuna walioanza kazi kabla ya kuuliza. Kwa hiyo safu yote ya mwezi huu ni ya mafuta hayo. Nilifundisha kemia sekondari hadi nilipostaafu, na sasa mashine ya kusaga ya familia yetu, Mlandizi, inatumia dizeli ninayotengeneza mwenyewe kutokana na mafuta ya wakaanga chipsi na samaki.

*Shikamoo Mama Mwalimu. Nakaanga chipsi na kuku jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Kila wiki nabaki na dumu zima la mafuta yaliyochoka. Kaka yangu ana mashine ya kusaga kule Dumila, injini ya Lister ya zamani. Anasema tuyachuje kwa kitambaa tuyatie hivyo hivyo, kwa kuwa hata aliyevumbua injini ya dizeli alitumia mafuta ya karanga. Ni kweli? Na kama haifai, tufanyeje? — Mkaanga chipsi, Msamvu*

Marahaba mwanangu. Habari ya karanga ni ya kweli. Mwaka 1900, kwenye Maonyesho ya Paris, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli ikienda kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe alikuja kulisimulia jambo hilo mwaka 1912. Tena hiyo Lister ya kaka yako, ikishapata moto, itakubali mafuta yaliyochujwa na itasaga. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa sababu madhara hayaonekani siku hiyo.

Mafuta ya kupikia ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli. Nozeli, ile sehemu inayopulizia mafuta ndani ya silinda, imetengenezwa kurusha ukungu. Ukiipa kitu kizito inarusha matone, na matone hayaungui yakaisha. Yanagonga ukuta wa silinda, yanaacha masizi magumu kwenye nozeli na kwenye ringi, mengine yanateremka chini kuchanganyika na oili ya injini mpaka oili yenyewe inakuwa kama uji. Baada ya miezi kadhaa kaka yako atamwita fundi kufungua injini, na gharama ya ringi na nozeli itameza faida yote mliyoipata kwa kutonunua dizeli.

Dawa yake ni kuyavunja mafuta yenyewe. Kila chembe ya mafuta ya kupikia ni asidi tatu za mafuta zilizoshikwa pamoja na gliserini moja. Ukileta methanoli, aina ya spiriti yenye sumu kali, na kostiki soda kidogo ya kuchochea, ile gliserini inaachia, na kila asidi inashikana na methanoli yake. Kinachopatikana ni chepesi, kinakaribia sana wepesi wa dizeli, na ndicho kinachoitwa biodizeli. Gliserini ni nzito, inazama chini. Ufundi huu una historia inayotuhusu sisi Waafrika: mwaka 1937 Mbelgiji aitwaye Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini kwa njia ya namna hii, na mwaka uliofuata basi la abiria likafanya safari kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta ya mawese yaliyogeuzwa. Ubelgiji ilikuwa ikitazama mawese ya Kongo, koloni lake wakati huo.

Sasa kazi yenyewe. Nakuomba uanze na lita moja tu, wala usiguse pipa hadi lita hiyo ikutoke vizuri.

Chuja makapi ya viazi na unga wa kuku, kisha ondoa maji. Maji ni adui wa kwanza, kwa sababu yakiwemo utatengeneza sabuni badala ya dizeli. Yapashe moto hadi kupita nyuzi 100 mpaka yaache kutoa mapovu. Ukitaka uhakika, dondosha tone kwenye kikaango cha moto. Likilia chaa, bado yana maji. Kisha yaache yapoe.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi wanairuka, nami naiona kuwa moyo wa kazi yote. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yana asidi iliyokwisha kujitenga, na asidi hiyo inakula kostiki kabla haijafanya kazi yake. Lazima ujue ipo kiasi gani. Waliosoma kemia wanaiita taitresheni, lakini haihitaji maabara. Yeyusha gramu moja ya kostiki kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, au maji ya betri ambayo hayajatiwa asidi. Pembeni, changanya mililita moja ya mafuta yako na mililita 10 za spiriti ya isopropili inayouzwa maduka ya dawa. Tia matone machache ya bizari ya manjano iliyolowekwa kwenye spiriti. Mchanganyiko utakuwa wa njano. Sasa chukua bomba la sindano, uvute yale maji ya kostiki, udondoshe tone moja moja huku unatikisa. Kila tone litaleta wekundu unaopotea. Endelea taratibu. Itafika mahali wekundu utabaki hapo, uhesabu polepole hadi kumi na bado upo. Simama, usome kwenye bomba umetumia mililita ngapi.

Kila mililita uliyotumia ni gramu moja ya kostiki ya kuongeza kwa kila lita ya mafuta, juu ya gramu tatu na nusu ambazo hata mafuta mapya yangehitaji. Ukitumia mililita mbili na nusu, basi lita yako inataka gramu sita. Ukipita mililita tano au sita, mafuta hayo yamechoka mno kwa njia hii. Yatakupa sabuni nyingi na dizeli kidogo. Bizari inatosha kwa kuanzia. Mwenye fenoftalini, ile dawa ya maabara ya shule inayobadilika rangi, atumie hiyo, rangi yake ni ya waridi na inaonekana wazi zaidi.

Kostiki hiyo iyeyushwe ndani ya mililita 200 za methanoli kwa lita ya mafuta, nje penye upepo, kwenye chombo cha plastiki ngumu au cha chuma kisichoshika kutu. Usitumie sufuria ya alumini! Nalisema kwa sauti kwa sababu sufuria zetu karibu zote ni za alumini, na kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Mafuta yakiwa na joto la nyuzi 55, mbali kabisa na jiko, tia mchanganyiko wako, funga, tikisa, legeza kifuniko kidogo kutoa hewa, funga tena. Endelea kutikisa na kuyaweka yakiwa ya uvuguvugu kwa muda wa saa moja hivi. Usitie methanoli kwenye mafuta yenye moto mkali, kwa sababu inachemka kwenye nyuzi 65 na itakurukia usoni.

Yaache usiku kucha. Asubuhi utaona tabaka mbili: chini nyeusi nzito, juu ya kahawia nyepesi. Ya juu ndiyo yako. Itenge, uioshe kwa maji ya uvuguvugu, mara ya kwanza bila kutikisa sana ili isishikane na maji, kisha urudie mpaka maji yanayotoka chini yawe safi. Iache ikauke kwenye chombo cha wazi mpaka ingae na uweze kusoma maandishi ya gazeti kupitia kwenye chupa.

Kuna kipimo kimoja zaidi. Mililita tatu za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli lazima ziyeyuke zote. Kikizama kitu chini, bado kuna mafuta ambayo hayakugeuka, na hiyo dizeli usimpe kaka yako.

Kuhusu methanoli, hapa sitanii hata kidogo. Ni maji meupe yanayofanana na spiriti, harufu yake ni ya kilevi, na kikombe kidogo kinaweza kumpofusha mtu au kumuua. Mwezi Mei 2014 huko Kenya, Embu na Kiambu na kwingineko, makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Dumu lake liandikwe SUMU kwa herufi kubwa, lifungiwe kwa kufuli, lisikae kamwe kwenye nyumba ambayo kuna mtu anayekunywa gongo. Inapenya ngozi, kwa hiyo vaa glovu ndefu na miwani. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii mvuke wake, kinachosaidia ni upepo. Na mwali wake mchana hauonekani vizuri: inaweza kuwa inawaka nawe huoni. Mtu akiinywa, usisubiri dalili, mpeleke hospitali hapo hapo na useme wazi kwamba ni methanoli, maana dawa ipo ikiwahi. Kemikali hizi zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Nenda ukaulize utaratibu kabla ya kununua kwa wingi.

*Mwalimu, habari za kazi. Naendesha Hilux ya mwaka 2016, makazi yangu Njombe. Mwezi Julai nilijaza biodizeli tupu kwa jamaa mmoja Dar es Salaam, gari likaja vizuri mpaka nyumbani. Asubuhi likagoma kabisa. Fundi alifungua filta akakuta mgando mweupe. Je, niliuziwa mafuta feki? — Dereva, Njombe*

Pole sana ndugu yangu. Inawezekana kabisa kwamba biodizeli ilitengenezwa vizuri, ila ilikuwa ya joto la Dar es Salaam na wewe ukaipandisha milimani. Mafuta mengi yanayokaangia chipsi mijini ni ya mawese. Biodizeli yake inaanza kuwa na ukungu kwenye nyuzi 13 hadi 16 hivi, na ikizidi kupoa inaganda. Pwani haifiki huko, lakini usiku wa Julai Njombe baridi inashuka hata chini ya hapo. Biodizeli ya alizeti inavumilia mpaka karibu na sifuri, kwa hiyo ninyi wa nyanda za juu tafuteni mafuta ya wakaangaji wanaotumia alizeti ya Singida na Dodoma, au changanyeni kidogo tu kwenye dizeli ya kawaida.

Na kwa Hilux yako, hicho kidogo kiwe kidogo kweli. Injini za sasa zina pampu yenye presha kubwa sana na nozeli nyembamba, na watengenezaji wengi wanaruhusu asilimia 5 au 7 ya biodizeli, basi. Soma kitabu cha gari. Mashine ya kusaga inaweza kunywa biodizeli tupu kwa sababu ni injini ya polepole na fundi wake yupo kijijini; gari lako sivyo.

Jua pia kwamba biodizeli husafisha uchafu wa miaka ulioganda tangini na kuupeleka kwenye filta. Anayeanza kuitumia, hata kwenye trekta, awe na filta ya akiba. Wenye magari ya zamani watazame mipira ya mafuta, kwa sababu mpira wa asili unalainika na kuvuja. Na tafadhali, asubuhi ya baridi usiwashe moto chini ya tangi. Nimeona madereva wa malori wakifanya hivyo.

*Kuna mtu anatuletea mafuta ya transfoma, meupe, bei chee. Anasema yanakaangia muda mrefu bila kuwa meusi, na yakichoka tunaweza kukuuzia wewe ufanye dizeli. Unasemaje? — Mama lishe, Kibaha*

Nasema hapana, dada, kwa yote mawili. Hayo ni mafuta ya madini, si chakula, na katika transfoma za zamani huweza kuwamo PCB, kemikali inayosababisha saratani ambayo dunia ilikubaliana kuiondoa katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Kuipasha moto na kuitia kwenye viazi ni kuwalisha watoto wa watu sumu. Kisha hayageuki biodizeli, kwa sababu hayana gliserini ya kuachia. Yakiletwa kwangu nitayatambua kwenye lita ya majaribio: hakuna kitu kitakachozama chini. Tena mafuta ya namna hiyo mara nyingi ni ya wizi: transfoma ikinyonywa mafuta yake huungua, na mtaa fulani unabaki gizani. Mtaje huyo mtu kwa serikali ya mtaa, TANESCO na polisi.

*Ile gliserini nyeusi inayobaki, nasikia inatengenezwa sabuni ya kuogea. Nianze? — Mtengeneza sabuni, Tanga*

Ya kuogea, usianze. Ndani yake imebaki methanoli, kostiki na makapi ya kila kitu kilichokuwa kwenye karai. Methanoli ikishatolewa yote, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye mtambo wa kukusanya mvuke, inafaa kwa sabuni ya kusugulia sakafu na kuoshea mashine zenye grisi. Sabuni ya ngozi itengeneze kwa mafuta safi ya nazi, Tanga hamna shida ya nazi.

*Shikamoo. Sisi ni vijana watatu wa Kinondoni. Tumeona watu wanapita hotelini kununua mafuta machafu, wanasema yanasafirishwa nje kutengeneza mafuta ya ndege. Ni kweli, au ni utapeli? Na tukikusanya, tuuze au tutengeneze dizeli wenyewe? — Vijana, Kinondoni*

Marahaba wanangu. Ni kweli. Tarehe 25 Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta ya ndege kutoka kampuni ya Eni ya Italia, yaliyotengenezwa kwa mabaki kama mafuta ya kupikia yaliyotumika na mafuta ya wanyama. Lakini mafuta ya ndege hayatengenezwi kwa methanoli na kostiki. Yanataka haidrojeni na kiwanda kikubwa. Hilo msilijaribu.

Kwa vijana watatu wasio na eneo la wazi wala uzoefu wa kemikali, nawashauri mkusanye na kuuza kwanza. Wanunuzi wanataka mafuta yasiyo na maji wala makapi, na wanataka kujua yametoka wapi. Wekeni daftari: tarehe, jina la mgahawa, lita, sahihi ya aliyewapa. Daftari hilo ndilo litakalowatofautisha na wadanganyifu, maana huko Ulaya bei ya mafuta yaliyotumika imekuwa nzuri kiasi kwamba wapo wanaoshukiwa kuyachanganya na mawese mapya na kuyauza kama taka. Siku mtakapotaka kuuza mafuta ya magari, mjue mnaingia kwenye biashara inayosimamiwa na EWURA na viwango vya TBS. Kutengeneza kwa ajili ya mashine yenu ni jambo moja, kumwuzia mtu ni jingine.

Nawaandikia kwa kirefu kidogo kwa sababu kazi hii naitakia mema kuliko mnavyodhani. Mnajua yanakokwenda sasa mafuta ya mahoteli makubwa? Mengine yanamiminwa kwenye sinki. Mwaka 2017 pale Whitechapel, London, walikuta bonge la mafuta yaliyoganda lenye urefu wa mita 250 limeziba bomba la majitaka. Lakini kwetu mengi hayamiminwi, yanauzwa. Hoteli inayachoka, mkaangaji mdogo anayanunua kwa bei nafuu, anayakaangia tena mpaka yanakuwa meusi na povu halishuki, na anayekula ni mwanafunzi na bodaboda. Nchi kadhaa za Ulaya zina ukomo: vitu vilivyoharibika kwa moto vikifika asilimia 24 au 25, mafuta yanatupwa kwa sheria. Sisi anayeamua ni mkaangaji, na mkaangaji anaangalia mfuko.

Basi mfuko ndio tuuguse. Mimi nalipa zaidi kwa mafuta yaliyokaangiwa siku chache kuliko kwa yale meusi, na simfanyii mtu hisani. Mafuta mazuri kwenye lile bomba la sindano yanasoma mililita moja au mbili, yanataka kostiki kidogo, yananipa dizeli nyingi na sabuni kidogo. Yale meusi yananila methanoli, ambayo ndiyo gharama yangu kubwa. Nimewaonyesha wakaangaji wangu kipimo chenyewe, wamekiona kwa macho yao, nao sasa wanamwaga mapema kwenye dumu langu kwa sababu dumu la mapema lina bei. Nanyi fanyeni bei mbili. Andikeni zote mbili ukutani.

Na jambo la mwisho kwenye ukusanyaji. Mafuta mnayochukua yasirudi kwenye karai ya mtu. Kama ni ya kutengeneza dizeli, tieni kikombe cha dizeli ndani ya dumu mbele ya mwenye mgahawa kabla hamjalipakia. Harufu yake itazuia mtu yeyote kuyauza tena kama chakula, na hakiharibu kazi. Kama mnawauzia wa ndege, dizeli hawaitaki. Hapo fungeni dumu kwa lakiri yenye namba, namba iandikwe kwenye daftari, na aliyewapa mafuta abaki na nakala.